Temeke 1996: CCM Yaangushwa Mlangoni Mwake (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia pale Ramadhani Kihiyo, mbunge wa Temeke kwa tiketi ya CCM, alipojiuzulu baada ya elimu yake kuhojiwa mahakamani. Leo tutazame kilichofuata.

Ukishika Barabara ya Kilwa kutoka Gerezani, ukavuka reli, umeshaingia Temeke. Nyuma yako, si mbali, uko Mtaa wa Lumumba, ilikozaliwa TANU Julai 7, 1954, na iliko Ofisi Ndogo ya CCM. Chama kuangushwa hapo, tena na Augustino Lyatonga Mrema, mzaliwa wa Kilimanjaro, katika jimbo lenye watu wengi wa Pwani, wengi hawakulitegemea. Lakini Oktoba 6, 1996 mgombea huyo wa NCCR-Mageuzi alimshinda Abdul Cisco Mtiro wa CCM.

Wapo wanaosema ulikuwa umaarufu tu. Ni kweli, Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani alizoea kuwapa watu siku saba kutekeleza amri zake, na wanyonge walimpenda kwa hilo. Lakini umaarufu huo alikuwa nao mwaka 1995 pia, na urais akaukosa kwa asilimia 27.8 dhidi ya 61.8 za Benjamin Mkapa.

Mimi naona chanzo ni Jumapili ya Oktoba 29, 1995. Vifaa vilichelewa, kukawa na vurugu vituoni, uchaguzi wa Dar es Salaam nzima ukafutwa na kurudiwa Novemba 19, huku wapinzani wa Mkapa wakiususia. Watu waliopanga foleni juani walirudi nyumbani na dukuduku, na Temeke ikawa ya kwanza kupata nafasi ya kulitoa. Tena bila hofu: uchaguzi mdogo haung'oi serikali. Hata mwenye kadi ya CCM aliweza kukikanya chama chake, akijua Mkapa atabaki Ikulu.

Hata hivyo, ushindi ule ulikuwa wa mtu. NCCR ikagombana yenyewe kwa yenyewe, Mrema akahamia TLP mwaka 1999, na baadaye Temeke ikarudi CCM. Upinzani ulipata kiti ukasahau kujenga matawi mitaani, wakati mwenzao ana mabalozi wa nyumba kumi. Hilo ni kosa lao wenyewe.

Toleo lijalo tutakwenda Arumeru Mashariki, Aprili 1, 2012, Joshua Nassari wa CHADEMA alipomshinda Sioi Sumari, mtoto wa mbunge aliyefariki. Nawe uliyepiga kura Temeke mwaka ule, wasimulie wanao ulichokiona kituoni.