Lori la Kikundi Kabla ya Kuvuka Mpaka

Vikundi kadhaa vimetuuliza: tukishanunua lori kuukuu, tunaweza kwenda kupakia mahindi Uganda wiki hiyo hiyo? Jibu letu ni, ngojeni kidogo.

Kwanza logibuku. Sheria ya Trafiki inasema gari likishauzwa, lisitembee barabarani zaidi ya siku 14 likiwa bado kwa jina la mwenyewe wa kwanza. Uhamisho unafanywa NTSA kupitia eCitizen, na muuzaji lazima akubali huko yeye mwenyewe. Kwa hivyo msimalizie kumlipa kabla hajakubali. Akishapata pesa zote, hata simu hashiki!

Bima ndiyo inaumiza watu. Ile ya muuzaji haiwafuati ninyi, hata kama cheti chake hakijaisha. Chukueni yenu, tena ya gari la biashara. Nayo, kwa kawaida, haivuki Busia wala Namanga. Ya ng'ambo ni Kadi ya Manjano ya COMESA, na mnaiomba kwa kampuni yenu ya bima kabla ya safari. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000, lakini kadi inatumika huko pia. Inalipia mtu mtakayemgonga, si lori lenu wala mahindi. Bila hiyo, aliyeumia atadai kikundi, na akiba ya miaka inaweza kwisha siku moja.

Halafu kuna ukaguzi na leseni ya barabara, zote za NTSA. Na mizani: lori la ekseli mbili lisizidi tani 18, mzigo ukiwa ndani.