Uokoaji Uanzie Mwaloni

Nchi yetu haikosi sheria za maafa. Mwaka 1990 Bunge lilipitisha Sheria Na. 9 ya kuratibu misaada. Mwaka 2015 ikaja nyingine, iliyokusudia kuunda Wakala wa taifa wa kusimamia maafa. Mwaka 2022 hiyo nayo ikafutwa, ikatungwa Sheria Na. 6, na kazi ikawekwa mikononi mwa Idara iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, pamoja na kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Hatuna ugomvi na mabadiliko hayo. Lakini twauliza, kwa ajili ya wafanyakazi na wakulima wasafirio kila siku: chombo kikipinduka leo, ni nani atakayefika kwanza, naye atakuja na nini mkononi?

Na tulitazame Ziwa Victoria, maana huko tumefundishwa kwa uchungu. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya Mv. Bukoba ilipinduka ikiwa karibu kufika Mwanza. Haikuzama mara moja. Ilielea, tumbo lake likiwa juu, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga vyuma. Tundu likatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiielesha meli ikatoka, nayo ikazama. Mamia ya watu walikufa. Waliotoboa walikuwa na huruma na haraka. Kilichokosekana ni ujuzi, na wapiga mbizi ikabidi waje kutoka Afrika Kusini. Sheria ya kwanza ya maafa ilikuwa imekwisha kutimiza miaka 6.

Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha Mv. Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Giza lilipoingia kazi ya uokoaji ilisimamishwa hadi asubuhi. Siku mbili baada ya ajali, fundi mmoja wa mitambo alitolewa humo akiwa hai. Ni nani awezaye kutuambia kwa hakika kwamba usiku ule wa kwanza alikuwa peke yake?

Kisha ikaja tarehe 6 Novemba, 2022. Ndege ya Precision Air yenye watu 43 iliangukia ziwani Bukoba, karibu kabisa na uwanja. Wavuvi walitangulia kufika kwa mitumbwi yao, wakasaidia kufungua mlango wa nyuma. Watu 24 wakapona. Marubani wote wawili walikuwa miongoni mwa 19 waliokufa. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba wapiga mbizi wa polisi walipofika hawakuwa na oksijeni ya kutosha, wala mafuta ya kutosha ya boti.

Madhali mvuvi ndiye afikaye kwanza, basi yeye ndiye askari wa mbele wa ulinzi huu, apende asipende. Yafaa mialo mikubwa iwe na kamba ndefu, majaketi, taa zenye nguvu na mtungi uliojazwa. Na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liwafundishe vijana wa hapo kupiga mbizi, na kutambua kwamba chombo kilichopinduka hakitobolewi ovyo. Wavuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa zao; basi hatuoni kwa nini giza liwe sababu ya kurudi nyumbani. (Ofisi mpya yenye samani nzuri hakika itapatikana, hiyo haikosi fungu kamwe.)

Liko na jambo dogo ambalo kamati za vijiji zaweza kulimaliza mwezi huu bila kungoja waraka. Mvuvi anapoacha nyavu zake na kuwasha mashine kwenda kuokoa watu, petroli ile ni ya nani? Na boti yake ikivunjika katika kazi hiyo, atalipwa na nani? Iandikwe sasa, nayo isomwe mwaloni hadharani, wavuvi wote wakisikia.