Furu Avunjaye Konokono, na Jinsi ya Kumlisha Katika Tangi la Kioo

Leo nataka kusema nanyi juu ya samaki mmoja mdogo wa ziwa letu na juu ya chakula chake. Mtu atasema, "Samaki ni kitoweo, nani amlishaye samaki badala ya kumla?" Maneno hayo niliambiwa na mama yangu mwenyewe, siku alipoliona tangi la kioo sebuleni kwangu. Lakini nisikilizeni kidogo, maana ndani ya habari hii ndogo imo habari kubwa ya afya za watoto wetu, tangu Bukoba hata visiwa vya Muleba.

Jambo lenyewe lilianza kwa swali. Katika chuo cha ualimu ninakofundisha, mwanafunzi mmoja alikuwa amesoma ya kwamba watu wa Ulaya na Marekani hufuga nyumbani kamba wa baharini anayefanana na vunjajungu. Kamba wa jamaa hiyo wamo hata katika bahari yetu ya Hindi. Wengine wana miguu ya mbele yenye miiba kama mikuki, nao hudunga samaki. Wengine wana viungo vinene kama rungu, nao hupiga konokono na kaa pigo juu ya pigo mpaka gamba lipasuke. Wafugaji huwapa konokono na kaa wadogo. Mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, twaweza kumfuga hapa Bukoba?" Nikamjibu, la, yule ni wa maji ya chumvi, na maji yetu ni baridi, atakufa. Lakini mvunja konokono wa kwetu tunaye, naye hana rungu. Kinu chake kimo kooni.

Samaki huyo ni furu. Furu wa Ziwa Viktoria wanajulikana kuwa na aina mia kadhaa, na kila aina ina chakula chake: wako walao matope, wako walao wadudu, wako walao samaki wenzao. Wengi walitoweka katika miaka ya 1980, baada ya sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, kuongezeka mno. Huyu wetu amesalia, hasa kandokando, penye mawe na matete. Wataalamu humwita Astatoreochromis alluaudi, nao walimpa jina hilo mwaka 1904 kwa heshima ya Mfaransa Alluaud. Mwili wake ni wa rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, na katika pezi la chini, karibu na mkia, mna safu za madoa ya mviringo yenye rangi ya machungwa. Madoa hayo huonekana kwa dume na kwa jike pia. Watoto wetu humvua kwa ndoana na nyungunyungu, wakamtupa kikapuni pamoja na wengine pasipo kumtambua.

Mkimpasua mtaona ajabu yake. Nyuma ya matamvua, kooni, mna mifupa iliyosimama kama jiwe la kusagia na mchi wake, na juu yake meno ya mviringo kama changarawe. Konokono akiingia kinywani husukumwa nyuma mpaka hapo, akabanwa, gamba likavunjika. Vipande vingine hutemwa, vingine humezwa pamoja na nyama.

Sasa twaja kwenye neno la chakula, ambalo ndilo kiini cha mazungumzo haya. Furu wetu wa kwanza tulimpata angali mdogo kama kidole cha mwisho. Tulimlisha dagaa waliopondwa na nyungunyungu, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa rahisi kupatikana. Akala vizuri, akanenepa, akakua. Baada ya mwaka mmoja nikataka kuwaonyesha wanafunzi kinu chake kikifanya kazi, nikamtilia konokono wa kadiri ya punje ya hindi. Akamchukua, akamtema. Akamchukua tena, akamtema tena. Darasa zima likacheka, na mimi nikaona haya kidogo.

Sababu yake imekwisha kuelezwa na wataalamu. Mwaka 1965 Bwana Greenwood, aliyepata kufanya kazi katika kituo cha uchunguzi wa samaki huko Jinja, aliandika juu ya samaki wa aina hii waliolelewa katika matangi kwa chakula laini. Mifupa yao ya koo ilikuwa myembamba, na meno yao madogo, si kama ya ndugu zao waliokulia ziwani kwa kula konokono. Hata maziwani hali hiyo huonekana: wale wa ziwa George na Edward wana vinu vidogo kuliko wa Viktoria. Mfupa hukua kwa kadiri ya mzigo unaotwikwa, na msuli vivyo hivyo. Mtazame mkono wa mwenye kushika jembe, kisha mtazame wa kwangu mimi mwenye kushika chaki.

Msidhani kwamba haya ni mambo ya kuchezea watoto. Watu wenye elimu waliwahi kuwaza hivi: ikiwa furu huyu hula konokono, basi na atiwe katika mabwawa, awamalize konokono waenezao kichocho. Jambo hilo lilijaribiwa katika Kenya ya magharibi na kaskazini mwa Kameruni, lakini matumaini yale hayakutimia. Katika bwawa mna chakula laini tele, na samaki, kama mtu mwingine yeyote, hula kwanza kilicho rahisi. Na watoto wake wakilelewa kwa chakula hicho, hata nguvu za kuvunja hupungua. Konokono wakabaki.

Na hapa yanipasa kukiri kosa langu. Baada ya aibu ile nilitafuta furu mwingine mchanga, nikaazimia kumlea kwa konokono tangu mwanzo. Nikawatuma vijana watatu ziwani wakanikusanyie. Walikwenda saa sita mchana, wakavua viatu, wakaingia majini mpaka magotini, wakaniletea kopo zima. Nikawashukuru! Baada ya majuma kadhaa mmoja wao akawa na maumivu ya tumbo, na choo chake kina damu. Zahanati wakapima, wakaona mayai ya kichocho. Mganga aliniambia kwamba hawezi kujua ni siku gani kijana alipata ugonjwa, maana amezaliwa na kukua kandokando ya ziwa. Lakini mimi najua niliyemtuma, na saa niliyomtuma.

Maana habari ya kichocho cha tumbo ni hii. Mgonjwa akijisaidia majini au karibu na maji, mayai ya mnyoo huangua, na kijidudu chake humwingia konokono. Ndani ya konokono huyo huzaana, kisha baada ya majuma machache hutoka wengi mno, hasa jua linapokuwa kali katikati ya mchana, wakatafuta ngozi ya mtu na kupenya. Hawaonekani kwa macho. Miaka ikipita na mtu asipotibiwa, ini huharibika na tumbo huvimba. Dawa yake ni prazikwanteli, nayo hutolewa kwa kadiri ya uzito wa mtu. Mashuleni hukadiriwa kwa kimo. Dawa hiyo huwaua minyoo waliokomaa, bali haimkingi mtu akirudi majini kesho.

Basi, mwenye kutaka kumlea furu huyu asimwingize mtoto ziwani kutafuta konokono, wala asitie tangini konokono wa ziwa aliye hai, kwa kuwa tangi litakuwa na hatari ileile ya ziwa, na mkono wako ndio utakaoingia. Konokono na wazaliwe nyumbani. Konokono aanguaye katika yai hana kichocho. Hukipata tu akiingiliwa na kijidudu kitokacho katika choo cha mtu. Mtu mzima na avae glavu ndefu za mpira, asimame juu ya jiwe kavu, avute kwa wavu wenye mpini mrefu majani yaeleayo. Chini ya majani hayo hukuta vibonge vya mayai, laini kama ute. Achukue kipande cha jani chenye mayai tu; konokono wazima na wamwagiwe maji ya moto. Jani litiwe katika beseni la maji ya mvua, kivulini, na beseni lifunikwe kwa wavu. Yapata juma moja wataangua. Walishe majani ya mchicha yaliyochemshwa kidogo, na uwatilie maganda ya yai yaliyosagwa, ili magamba yao yawe magumu. Magamba yakiwa dhaifu, kinu cha samaki hakipati kazi.

Kwa tangi lenyewe sina maneno mengi. Kwa furu mmoja, urefu wa meta moja wafaa. Maji ya ziwa yachujwe kwa kitambaa, yakae siku mbili kamili kabla hujayagusa, kwa sababu vijidudu vile visipopata mtu hufa ndani ya muda huo. Kila juma badilisha theluthi moja ya maji. Maji machafu usiyamwage mtoni wala bondeni, bali katika shimo kavu mbali na maji, pasitoroke konokono hata mmoja.

Chakula apewe mara moja kwa siku. Mtoto wa furu aanze na konokono wadogo kama punje ya ulezi, pamoja na dagaa kidogo. Kisha ukubwa wa konokono uongezwe kadiri samaki akuavyo. Asilishwe dagaa kwanza, maana akishiba kilicho laini hatamgusa kilicho kigumu. Mimi humpa konokono asubuhi, na dagaa jioni mara mbili tu kwa juma. Kinachosalia nakiondoa kwa kijiko cha mpini mrefu.

Yule kijana alipewa dawa, akapona, naye sasa ndiye mwangalizi wa beseni la konokono. Furu wetu wa pili amefika urefu wa kidole cha kati. Juzi kijana alinijia kabla ya kengele, mkononi ana karatasi, na juu yake vipande vya gamba alivyoviokota chini ya tangi, kimoja kikubwa kama nusu ya punje ya hindi.