Gari la Moshi Lisilokuwa na Mzigo

Ndugu askari, atokaye Fort Portal akishika njia ya kusini, milima ya Ruwenzori ikiwa mkono wake wa kulia, hufika katika nchi ya Kitswamba kabla ya kuingia mjini Kasese. Reli haipiti Kitswamba. Tangu mwaka 1956, mtu wa huko aliyetaka kupanda gari la moshi alikuwa hana budi kushuka mpaka Kasese mjini, ambako reli itokayo Kampala inakoma. Leo, hata akishuka, hatalikuta gari lenyewe. Vyuma vimebaki, treni haiji.

Leo twapenda kuzungumza juu ya magari mawili ya moshi. Moja ni hilo la Kasese. La pili lilikuwa la fahari kuliko yote yaliyopata kufikiriwa, lakini halikusafirisha hata gunia moja la pamba, kwa sababu lilitengenezwa kwa ajili ya televisheni tu.

Mwaka 1978 shirika la televisheni la NBC la Marekani lilimpata mkuu mpya, Bwana Fred Silverman, aliyetoka katika shirika shindani la ABC. Huko ABC ulikuwapo mchezo uliopendwa sana juu ya meli ya starehe, ambamo kila juma abiria wapya walipanda na mikasa yao ya mapenzi. NBC nayo ikataka chombo chake. Ikachagua gari la moshi, na mchezo ukaitwa Supertrain.

Gari hilo la kubuni liliendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Lilitoka New York mpaka Los Angeles, yaani kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine, kwa muda wa saa 36. Ndani yake mlikuwa na bwawa la kuogelea, ukumbi wa dansi, chumba cha mazoezi ya viungo na daktari wake. Njia yake ilikuwa pana kuliko reli za kawaida, ili mabehewa yapate nafasi ya anasa hizo zote. Mafundi walijenga vyumba vikubwa vya kuchezea, na pia wakaunda treni ndogo za mfano za ukubwa mbalimbali, ili zipigwe picha zikionekana kama treni kubwa iendayo kasi. Gharama ilihesabiwa kwa mamilioni ya dola, na mchezo huo ukatajwa kuwa miongoni mwa michezo ghali kuliko yote iliyowahi kutengenezwa kwa televisheni ya Marekani.

Mchezo ulianza kuonyeshwa Jumatano, tarehe 7 Februari 1979. Watazamaji walitazama, wakastaajabia behewa, kisha wakageukia mambo mengine. Wakuu walibadili watengenezaji, wakabadili wachezaji, wakauhamisha mchezo kutoka Jumatano hadi Jumamosi. Haikufaa kitu. Tarehe 5 Mei 1979 ulionyeshwa kwa mara ya mwisho. Zilipatikana sehemu 9 tu. Mwaka uliofuata Marekani ilisusia Michezo ya Olimpiki ya Moscow, ambayo NBC ilikuwa imenunua haki ya kuionyesha, na hasara ikaongezeka juu ya hasara. Bwana Silverman aliondoka mwaka 1981.

Sisi wa Uganda tunazikumbuka tarehe hizo kwa sababu nyingine. Katika miezi hiyo hiyo vita vilikuwa vinapiganwa katika ardhi yetu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala iliingia mikononi mwa majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa upande wao. Askari aliyelala handakini usiku huo hakuwa na habari ya treni yenye bwawa la kuogelea. Hata hivyo, kisa cha treni hiyo chaweza kumfaa askari wa leo.

Kwa nini Supertrain ilianguka? Haikuwa kwa uhaba wa fedha, wala wa mafundi, wala wa wachezaji. Ilianguka kwa sababu wakubwa walianza na chombo, kisha wakatafuta kazi ya kukipa. Walikwisha kujenga treni kabla ya kujua ni nani apandaye, anakwenda kufanya nini, na atapoteza nini asipofika. Kila juma alipanda mtu mwenye siri au mwenye adui, akanusurika, akashuka. Wafanyakazi wa treni, ambao mtazamaji angezoeana nao, walibaki kama watu wa kufungua milango. Tena ndege za wakati ule zilikuwa zikivuka nchi ile kwa saa zipatazo sita. Kwa hiyo hapakuwa na mtu yeyote aliyelazimika kupanda treni hiyo. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Hebu linganisha na kisa cha kweli cha reli yetu wenyewe. Mwezi Juni mwaka 1900, wakati reli ya Uganda ilikuwa bado inajengwa kutoka Mombasa kuelekea ziwa la Nyanza, simba alikuwa akiwasumbua watu katika stesheni ya Kima, nchi ya Kenya. Afisa wa polisi wa reli, Bwana Charles Ryall, alikwenda huko kumwinda. Behewa lake la mbao liliachwa kando ya stesheni, naye pamoja na wenzake wawili wakakubaliana kukesha kwa zamu. Yasimuliwa kuwa ilipofika zamu ya Ryall, usingizi ulimshinda. Simba akaingia kwa mlango wa kusukumwa, akamwua, akatoka naye dirishani. Behewa lenyewe limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli mjini Nairobi.

Hapakuwa na nyuklia, wala ukumbi wa dansi. Palikuwa na behewa moja lililosimama, watu watatu, simba mmoja, na mlinzi aliyesinzia. Lakini kisa hicho kimesimuliwa kwa zaidi ya miaka 100, na kila polisi aliyewahi kusimama lindo usiku wa manane anakielewa bila ya kuelezwa. Kila mmoja katika behewa lile alikuwa na kazi iliyomleta pale, na kosa la mmoja lilikuwa na gharama yake.

Sasa turudi Kasese. Reli ya magharibi haikujengwa kwa fahari. Ilijengwa kwa sababu ndani ya milima, huko Kilembe, mlikuwa na shaba. Shaba hiyo ilisafirishwa kwa reli mpaka Jinja, ikayeyushwa kwa moto wa umeme wa mto Nile, kisha ikaendelea hadi Mombasa na ng'ambo. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huo huo mgodi ukaanza kutoa mali. Treni yenyewe ilikuwa ya kawaida: njia nyembamba ya upana wa meta moja, mwendo wa pole, madaraja ya tatu yaliyojaa watu. Ikiwa na mzigo wa kuisubiri Kasese na watu wa kuisubiri Kampala, mji ulikua mahali palipokuwa na vichaka.

Lakini tusijidanganye. Treni ya Kasese nayo ilikufa, na yafaa tuseme sababu. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na vipande vyake. Miaka ya vita na uhaba wa vipuri ikachosha injini na mabehewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi wa Kilembe ulisimama. Shaba ilipokoma, reli ilipoteza mzigo uliokuwa ukilipa gharama zake, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha, mluzi wa treni ulikuwa hausikiki tena Kasese. Tofauti ni kwamba treni ya Kasese ilifanya kazi kwa miaka mingi kabla ya kupoteza mzigo, na ile ya Marekani haikupata mzigo tangu siku ya kwanza.

Afande yeyote anajua utaratibu wa operesheni: kwanza lengo, pili watu, tatu zana. Kikosi kinachopewa magari mapya kabla ya kujua kinakokwenda, hakina budi kuyazungusha uwanjani mpaka mafuta yaishe. Yamekuwapo mazungumzo ya miaka mingi juu ya kurudisha reli upande wa magharibi. Ni mazungumzo mema, nasi twayaombea heri. Swali la kuuliza kwanza lisiwe treni itakuwa na kasi gani, bali siku itakapofika Kasese itapakia nini, na nani wa Kitswamba atakuwa ameshuka mlimani kuja kuipanda.

Wakati huo bado haujafika, lakini kazi ipo. Reli ni mali ya umma hata isipopitiwa, na wako watu wanaoing'oa usiku wakauze kama chuma chakavu. Polisi anayesimama kando ya reli iliyoota majani asidhani kuwa analinda kitu kilichokufa. Ryall alisinzia zamu moja tu.