Umebuy Juki Mtumba na Inakusumbua? Cheki Hivi Vitu Kabla Upigie Fundi Simu

Umetoa doh ya chama, ukabuy Juki ya second hand, mkokoteni ukaileta hadi kwa stoo yako. Oda ya sare za shule inangoja, na mashini inaruka mishono, inakata uzi, ama haiwaki kabisa. Stress tupu.

Usianze kufungua skrubu. Shida nyingi za hizi mashini ni sindano, uzi na oil, vitu vya bei ya chini. Ukichokoza skrubu kwanza, unaeza haribu kitu ilikuwa fiti. Tutatumia Juki DDL-8700, ile ya kushona mshono ulionyooka, kama mfano. Fuata hii laini bila kuruka.

1. Soma sticker ya mota
Mashini imetoka kiwandani, na huko stima ya three phase ni kawaida. Kwako nyumbani ni single phase, volti 240. Kama mota imeandikwa 3 phase ama volti 415, hiyo soketi yako haitaiendesha, na mashini yenyewe haina makosa. Utahitaji mota ingine. Ukibadilisha, chagua servo: hiyo inazunguka tu ukikanyaga pedeli. Mota ya clutch inanguruma hata ukipiga stori na kasto, na tokeni zinaisha hivyo hivyo.

2. Zungusha gurudumu kwa mkono
Zima stima kwanza. Mota ya clutch huendelea kuzunguka kidogo hata baada ya kuzima, so ngoja inyamaze kabisa. Sasa zungusha gurudumu la kulia, sehemu ya juu ikija kwako. Inafaa kuzunguka laini. Ikikwama, toa kikopo cha bobini ucheki kama kuna vipande vya uzi vimejifunga huko chini. Kama mota ilibadilishwa, hakikisha ukiiwasha inazungusha gurudumu upande huo huo. Ikienda kinyume, uzi utajisokota tu.

3. Badilisha sindano
Hata kama inakaa mpya. DDL-8700 hutumia sindano ya DB×1, yenye shina la mviringo. Ile ya cherehani ya nyumbani ina upande mmoja bapa na hapa haifai. Sukuma sindano juu hadi mwisho. Ule mfereji mrefu uangalie kushoto, kile kishimo kidogo juu ya tundu kiangalie kulia. Uzi unaingia kutoka kushoto. Ukiigeuza vibaya itaruka mishono hadi uchoke, na mtu akuambie mashini imekufa. Kitambaa kizito kama jinzi kinataka sindano nene, namba 16 ama 18.

4. Angalia vitanzi viko upande gani
Uzi ukijaa vitanzi chini ya kitambaa, wengi hukimbilia bobini. Zii, shida iko juu. Inua mguu unaokanyaga kitambaa ndio visahani vya kukaza uzi vifunguke, alafu pitisha uzi upya kutoka mwanzo. Vitanzi vikiwa juu, hapo ndio ucheki bobini. Shika uzi, acha kikopo kininginie. Kikianguka chenyewe, uzi umelegea sana. Ukitikisa kidogo na kisisonge hata kidogo, umekaza sana.

5. Oil
Laza kichwa cha mashini nyuma ucheki trei. Oil iwe kati ya alama ya HIGH na LOW. Weka ile nyeupe ya mashini za kushona. Mafuta ya kupika yataganda, na ya gari ni nzito mno. Ukiwasha, angalia kile kidirisha cha juu: oil inafaa kuruka ruka pale. Usipoiona, zima mara moja. Mashini ikikimbia kavu, vyuma vinashikana, na hapo hasara si ya mchezo.

6. Sasa ita fundi
Sindano mpya, uzi umepita poa, oil iko, na bado inaruka? Hapo inaweza kuwa taimingi: ile ndoano ya chini haikutani na sindano kwa wakati wake. Hii ni kazi ya fundi. Mwambie ushacheki nini na nini, na uombe akuonyeshe anachorekebisha. Mteja anayejua mashini yake si rahisi kuuziwa spea hakuhitaji.

Na kama bado hujabuy, nenda na vitambaa vyako: cha sare, cha jinzi, na kile laini cha blauzi. Muuzaji atakushonea kitambaa chepesi kilichokunjwa mara mbili na kitatoka safi. Mwambie ashone pindo la jinzi, pale kitambaa kinapopandana, kabla utoe simu ulipe.