Je, Wajua? Maji yalijaa na kupwa kwa sekunde 40 na ushei
Mwaka 1885 Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi mjini Manchester, Uingereza, alijenga modeli ya mlango wa mto Mersey. Urefu na upana aliupunguza takriban mara 32,000, lakini kina mara 960 tu. Tofauti hiyo ilikuwa ya lazima. Kwa kipimo kimoja, maji ya kina cha mita 10 yangebaki utando wa milimita 0.3, na mnato wake ungetawala mwendo badala ya uzito. Kwa 960 yalipata sentimita moja.

Muda nao haukukisiwa. Kasi ya maji ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha zao la kina na mchapuko wa graviti, vizio vyote hufutana. Hubaki namba tupu, iitwayo namba ya Froude, ambayo sharti ilingane mtoni na kwenye modeli. Hivyo kasi hupungua mara 31, na muda mara 1,000 hivi: maji yanayojaa na kupwa kwa zaidi ya saa 12 yalimaliza mzunguko kwa sekunde 40 na ushei. Ajabu zaidi, mchanga uliotandazwa sawasawa chini ulichimbika mifereji iliyofanana na ya Mersey yenyewe.