Huduma kwa Watu Wasio na Safu: Mfano wa Khwaja Sira wa Pakistani

Diakonia ni neno lililozoeleka vinywani mwetu. Twalitamka katika sinodi, twaliandika katika bajeti za dayosisi, na wanafunzi wa teolojia hulifanyia mtihani. Hata hivyo, tukichunguza jinsi tunavyolitumia, tutaona kwamba mara nyingi lamhusu maskini anayejulikana: mjane, yatima, mkimbizi, mgonjwa. Huyo ana jina katika orodha ya mzee wa kanisa, na ana mahali pa kuketi siku ya Jumapili. Katika makala haya twapenda kumtazama maskini wa namna nyingine, yule ambaye jamii yake haikubaliani hata juu ya namna ya kumwita, na kuuliza sadaka humfikiaje. Tumechagua Pakistani, nchi ambayo karibu watu wake wote ni Waislamu, kwa kuwa huko jambo hili lina historia ndefu, lina hukumu za mahakama na, kama tutakavyoona, lina pia kanisa.

Watu tunaowazungumzia huitwa kwa Kiurdu khwaja sira. Wengi wao walizaliwa na kulelewa kama wanaume, lakini hujitambua na kuishi kama wanawake, au kama watu wasio wa upande huu wala ule. Wachache wamezaliwa na maumbile yenye dalili za jinsia zote mbili, na hao Kiswahili chetu huwaita huntha. Jina khwaja sira ni la heshima: ndilo walilopewa matowashi waliosimamia nyumba za wafalme wa Kimughali na kulinda milango ya wake zao. Jina la mitaani ni hijra, nalo msomaji asilichanganye na Hijra ya Mtume Muhammad kutoka Makka kwenda Madina. Wengi wao huliona jina hilo la mitaani kuwa tusi.

Utawala wa Kiingereza ndio uliowafanya wahalifu kwa maandishi. Sheria ya Makabila ya Wahalifu ya 1871 iliagiza matowashi walioshukiwa waandikishwe katika daftari, ikawakataza kuonekana hadharani katika mavazi ya kike na kucheza ngoma mbele za watu. Yafaa tulikumbuke jambo hili kila tunaposikia ikisemwa kwamba dharau hii yatoka katika Uislamu peke yake. Walioandika sheria hiyo walikuwa watu waliobatizwa.

Kijana anayefukuzwa kwao hupokewa na guru, ambaye ni mlezi wake, naye huwa chela, yaani mwanafunzi na mtoto wa nyumba ile. Guru humpa kitanda, chakula na jina. Chela humletea sehemu ya mapato. Kwa desturi, mapato hayo yalitokana na kuwaombea baraka watoto wachanga na maarusi, maana watu waliamini kwamba dua ya khwaja sira ina nguvu, na kwamba laana yake yaogofya. Siku hizi baraka hizo zimeshuka bei. Wengi huishi kwa kuombaomba penye taa za barabarani, kwa kucheza ngoma arusini, au kwa kuuza miili yao. Mwaka 2020, arusi zilipozuiliwa kwa sababu ya UVIKO-19, mapato hayo yalikauka kwa muda mfupi sana. Anayetaka kuwasaidia hana budi kuuelewa utaratibu huu wa guru, maana ndio bima yao, ndio ukoo wao, na mara nyingine ndio unaowanyonya. Sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2018 iliweka kifungo cha hadi miezi 6 au faini ya hadi rupia 50,000 kwa yeyote amlazimishaye mtu wa namna hii kuombaomba. Lengo lilikuwa jema. Lakini sheria hiyo haikumpatia chela chakula cha jioni.

Haki zao za kiraia hazikuanza kutetewa na wageni kutoka ng'ambo. Mwaka 2009, baada ya polisi kuwadhulumu wachezaji ngoma huko Taxila, mwanasheria na mwanazuoni wa Kiislamu, Muhammad Aslam Khaki, alipeleka shauri mbele ya Mahakama ya Juu. Mahakama iliamuru watambuliwe katika vitambulisho vya taifa, wapige kura, na wasinyimwe urithi. Katika sensa ya 2017 walihesabiwa kwa mara ya kwanza. Matokeo ya awali yalitaja watu 10,418 katika taifa la watu zaidi ya milioni 200. Hatudhani kuna mtu aliyeisadiki hesabu hiyo. Mtu anayejificha kwa jirani hajitokezi kwa karani wa sensa.

Hapa mwanafunzi wa teolojia atulie kidogo, kwa sababu ubishi uliofuata ni wa kiteolojia hasa. Fikihi ya Kiislamu yamjua huntha tangu zamani. Mafakihi wa madhehebu ya Hanafi, yanayofuatwa na Wapakistani wengi, walijadili kwa makini mafungu yake ya urithi na mahali pake msikitini: asimame nyuma ya safu za wanaume na mbele ya safu za wanawake. Tazama hekima iliyomo pamoja na upweke wake. Mtu huyu hakufukuzwa katika sala. Alipewa safu, ingawa aweza kuwa peke yake ndani yake. Lakini sheria ya 2018 ilikwenda mbali zaidi, ikamruhusu mtu atambuliwe kwa jinsi anavyojihisi mwenyewe. Mei 2023 Mahakama ya Shirikisho ya Sharia ilivitangaza vifungu kadhaa vya sheria hiyo, pamoja na hicho, kuwa ni kinyume cha Uislamu, huku ikikiri kwamba huntha ana haki zake zote. Tofauti kati ya umbo la mwili na hisia ya moyo ndiyo iliyoamua shauri. Yeyote atoaye msaada hukutana nayo mlangoni: je, amsaidie huntha aliyethibitishwa na daktari, au kila aliyefukuzwa kwao?

Kwa upande wa zaka, jibu ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Kurani, Sura ya 9, aya ya 60, yataja mafungu manane ya wanaostahili, wakiwamo mafakiri, masikini, wenye madeni na msafiri. Hakuna fungu hata moja linaloulizia jinsia. Juni 2016, mashehe wapatao 50 mjini Lahore walitoa fatwa kwamba kuwadhihaki watu hawa ni haramu, kwamba wazazi wanaowanyima urithi wanaikaribisha ghadhabu ya Mungu, na kwamba mazishi yao yawe kama ya Mwislamu mwingine yeyote. Kizuizi hakimo katika aya. Kimo katika njia. Zaka inayokusanywa na serikali kwa sheria ya 1980 hugawiwa kupitia kamati za mitaa, na kamati hutaka mtu anayejulikana na majirani zake. Aliyefukuzwa kwao na kuhamahama hushuhudiwa na nani? Mwezi mmoja kabla ya fatwa hiyo, mwanaharakati mmoja wa jamii hii alipigwa risasi mjini Peshawar, na ilisimuliwa kote kwamba hospitalini walibishana alazwe wodi ya wanaume au ya wanawake. Alifariki. Dawa zilikuwapo; kilichokosekana ni safu.

Sasa tumfikirie khwaja sira aliye Mkristo. Wakristo wa Pakistani ni kama mmoja katika kila watu mia, na wengi wao ni wafagiaji na vibarua. Kwa mujibu wa mafakihi walio wengi, zaka haimhusu asiye Mwislamu, ingawa sadaka ya hiari yaweza kumfikia. Kanisani nako, waumini wa namna hii wamesimulia kwamba walisukumwa viti vya nyuma. Ndiyo sababu mwaka 2020 mchungaji Ghazala Shafique alishiriki kuanzisha huko Karachi kanisa liitwalo Kanisa la Kwanza la Matowashi. Ibada yao hufanyika uani, juu ya mikeka, kivulini mwa mnara wa kanisa kubwa la mji. Jina hilo alilichagua kwa makusudi, kwa ajili ya Maandiko yanayowataja matowashi kwa wema.

Tukubali kwamba jambo hili latutatiza. Kanisa la watu wa aina moja si umbo ambalo Agano Jipya latufundisha kulipenda, na Kanisa la Pakistani, lililoundwa mwaka 1970 kwa kuwaunganisha Waanglikana, Wamethodisti, Walutheri na Wapresbiteri wa asili ya Uskoti, lajua gharama ya umoja. Lakini lawama si ya wale walioketi mkekani. Lawama ni ya viti vilivyokuwa na nafasi.

Huko Yogyakarta, Indonesia, Waislamu walifanya jambo linalofanana na hilo mwaka 2008: shule ya dini ya Al-Fatah, mahali ambapo waria, kama wanavyoitwa huko, husali na kujifunza Kurani. Ilifungwa mwaka 2016 kwa vitisho vya kundi la wenye msimamo mkali, nayo baadaye ikaendelea tena na shughuli zake.

Je, Maandiko yatusaidia nini? Tusikimbilie kusema kwamba towashi wa Biblia ndiye khwaja sira wa leo. Neno la Kiebrania saris wakati mwingine lamaanisha ofisa wa mfalme tu. Hata hivyo mwelekeo wa Maandiko waonekana wazi. Kumbukumbu la Torati 23 yamfungia mlango wa kusanyiko mtu mwenye maumbile yaliyoharibiwa. Isaya 56 yamwahidia jina lililo bora kuliko la wana na binti. Katika Matendo 8, Filipo hamwulizi Mkushi habari za mwili wake, bali habari za chuo alichokuwa akikisoma. Kanisa letu lina mafundisho yake juu ya ndoa, na makala haya hayakusudii kuyafungua upya. Twasema tu kwamba amri ya tano, kama Luther alivyoieleza katika Katekisimu Ndogo, yatudai tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili, wala maelezo hayo hayatuagizi kumaliza kwanza ubishi juu yake.

Kwa mchungaji, hayo yana maana ya kazi. Penye Waislamu wengi, msaada wa Mkristo hushukiwa kuwa chambo, na shaka hiyo huwaangukia kwanza wanaosaidiwa. Basi mkate utolewe pasipo daftari la ubatizo pembeni, na guru ahusishwe, lakini fedha za chela zimfikie chela mkononi. Jambo la kuandaa mapema kuliko yote ni mazishi. Ndugu wa marehemu wakikataa mwili, kutahitajika mtu wa kuuosha, kaburi, na mchungaji aliyekwisha kuamua kabla ya siku hiyo ni jina gani atakalolitamka.